Kihamba kisiwekwe rehani kwa ajili ya jina la kukodi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala, hapa kwetu Masama, kijana mmoja alituomba tubaki naye msikitini. Alikuwa na faili kubwa kwapani, na nyuma yake alimfuata baba yake, mzee wa makamo ambaye muda wote hakusema neno. Ndani ya faili mlikuwa na mkataba wa kurasa zaidi ya thelathini, wote kwa Kiingereza. Kijana alikuwa ameingia biashara ya duka linaloendeshwa kwa jina la kampuni nyingine. Alilipa ada ya kuanzia, akajenga duka kwa ramani aliyopewa, akapaka rangi aliyoamriwa, akanunua majokofu mahali alipoelekezwa. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili likafunguliwa duka jingine la jina lile lile, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mauzo yakashuka, ada ya mwezi ikachelewa, na kila ada iliyochelewa ikaongezewa faini, na faini nayo ikaongezewa faini. Fedha za kuanzia alikuwa amekopa benki, na dhamana ilikuwa hati ya kimila ya kihamba cha baba yake.

Anayezijua nchi za mteremko wa Kilimanjaro ataelewa kwa nini mzee yule alinyamaza. Kihamba ni zaidi ya shamba la kahawa na migomba. Ndipo walipozikwa babu na bibi, na ndipo wajukuu wanaposubiriwa. Kijana aliuliza swali moja tu: je, dini inanisaidia hapa?

Kampuni ile hatutaitaja, na sababu yake tunaichukua katika Qur'ani. Katika Suratu Sad, aya ya 21 hadi ya 24, Allah (S.W.) anatusimulia habari ya wagomvi wawili waliomwingilia Nabii Daudi (A.S.) katika mihrabu yake. Mmoja alilalamika kwamba ndugu yake ana kondoo majike tisini na tisa, naye ana mmoja tu, na bado mwenye wengi anamtaka amkabidhi na huyo mmoja, tena amemshinda kwa maneno. Nabii Daudi akaamua kuwa aliyedai kondoo huyo amedhulumu, kisha akatambua kuwa ametahiniwa, akamwomba Mola wake maghufira. Wapo wafasiri waliosema kuwa mtihani wake ulikuwa kuhukumu kabla ya kumsikiliza wa pili. Nasi tulimsikiliza mmoja tu. Kwa hiyo hatuihukumu kampuni. Tunazungumza juu ya mkataba, kwa sababu mikataba ya namna hii inaongezeka nchini na vijana wetu wanaitia saini wakiwa wamefumba macho.

Biashara hii kwa lugha ya kigeni huitwa franchaizi. Sisi tutaiita biashara ya jina la kukodi. Mwenye jina ana alama inayojulikana, ana namna yake ya kuuza, ana rangi na vipimo vyake. Mpangaji wa jina analeta mtaji, eneo na jasho. Anaruhusiwa kutumia jina lile kwa muda maalumu, na badala yake analipa ada ya kuanzia, kisha sehemu ya mauzo kila mwezi. Ndugu wa karibu wa biashara hii ni uwakala, kama ule wa fedha kwa simu ambao umeenea hadi vijiji vyetu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008.

Swali la kwanza ni hili: je, jina ni mali hata likodishwe? Wanazuoni wa zama zetu walilijadili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu na lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, liliamua kuwa jina la biashara na alama ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, haijuzu kuzivamia, na inajuzu kuzihamisha kwa malipo endapo hakuna ghararu wala udanganyifu. Basi asili ya biashara hii ni halali. Anayechonga nembo ya mwenzake na kuibandika kwenye duka lake bila idhini ni mvamizi wa mali, hata kama mwenye nembo yuko mbali ng'ambo ya bahari.

Lakini halali ya asili haihalalishi kila sharti linaloambatishwa. Mtume (S.A.W.), katika kisa cha Barira kilichopokewa na Bukhari na Muslim, alieleza kuwa sharti lisilokuwamo katika Kitabu cha Allah ni batili hata yakiwa masharti mia. Na hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo, maana mkataba wa kijana yule ulikuwa na mambo matatu ambayo kila Muislamu anapaswa kuyatazama kabla ya kushika kalamu.

La kwanza ni faini ya kuchelewesha malipo. Baraza lile lile, katika kikao chake cha kumi na mbili kilichofanyika Riyadh mwaka 2000, liliruhusu sharti la fidia katika mikataba ya mali, isipokuwa pale ambapo wajibu wenyewe ni deni. Fundi aliyechelewesha jengo anaweza kutozwa fidia waliyokubaliana. Ama deni la fedha linaloongezeka kwa sababu tu limechelewa, hiyo ni riba ya wazi, ile ile ya zama za ujahilia iliyosema lipa au uongeze. Na Allah (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 280, ameelekeza kuwa mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda hadi apate wasaa. Faini juu ya faini haina nafasi katika maelekezo hayo.

La pili ni ghararu, yaani kujifunga kwa jambo lisilojulikana. Mkataba ukisema kuwa ada itakuwa kama kampuni itakavyopanga mara kwa mara, mpangaji amekodi kitu asichojua kodi yake. Mafakihi wamekubaliana kuwa ujira katika kukodisha sharti ujulikane. Hata malipo ya asilimia wamehitilafiana. Wapo waliosisitiza kiwango maalumu, na wapo walioruhusu sehemu ya pato, hasa katika madhehebu ya Imamu Ahmad. Hakuna hata mmoja aliyesema kuwa upande mmoja uachiwe kupanga peke yake baada ya saini.

Tuchukue mfano wa hesabu, maana wengi hudanganyika na neno asilimia. Duka linauza shilingi milioni 10 kwa mwezi. Bidhaa zenyewe zimenunuliwa kwa milioni 7 na nusu, pango ni laki 5, mishahara laki 9, umeme na usafiri laki 5. Kinachobaki ni laki 6. Mkataba unadai asilimia 6 ya mauzo. Msomaji anaweza kudhani kampuni inachukua sehemu ndogo ya faida. Hapana. Asilimia 6 ya milioni 10 ni laki 6, yaani faida yote imekwisha. Ikiongezwa asilimia 2 ya matangazo, mpangaji anatoa laki 2 mfukoni mwake kila mwezi ili aendelee kulitumikia jina. Katika mudharaba wa Kiislamu wenye mali na mfanyakazi hugawana faida, na hasara ya mtaji humkuta mwenye mali, maadamu mfanyakazi hakufanya hiyana wala uzembe. Katika biashara hii mwenye jina hula kwenye mauzo, na hasara hulala kwa mpangaji. Hatusemi kuwa hilo pekee ni haramu. Tunasema asiyelijua asiingie.

La tatu ni eneo. Mkataba wa kijana yule haukusema popote kwamba kampuni haitafungua duka jingine jirani. Yeye alidhani ni jambo linalojulikana. Mtume (S.A.W.) ameweka kanuni kuwa pasiwe na kudhuru wala kulipiza madhara, nayo imepokewa na Ibn Majah na wengineo. Kwa kanuni hiyo kampuni yenye maduka mengi haiwi mbali na yule mwenye kondoo tisini na tisa inapokula mauzo ya mpangaji wake. Hata hivyo mbele ya hakimu neno lisiloandikwa ni gumu kulithibitisha.

Yapo pia madhara ambayo hata kampuni yenye nia njema haiwezi kuyazuia, kwa sababu anayekodi jina hukodi pamoja na matendo ya mwenye jina. Mwezi Oktoba 2023, mmiliki wa migahawa ya McDonald's nchini Israel aligawa chakula bure kwa askari wa nchi hiyo. Hasira ya Waislamu ilikwenda kwenye kila mgahawa wenye jina lile, zikiwamo za Oman na Kuwait, ambazo wamiliki wake ni watu wengine kabisa. Wamiliki hao walilazimika kutoa matamko ya kujitenga na kuahidi misaada kwa watu wa Gaza. Mwezi Aprili 2024 kampuni mama ilikubali kuinunua migahawa yote 225 ya Israel. Mwezi mmoja kabla ya hapo, kundi la Alshaya la Kuwait, linaloendesha maduka ya Starbucks katika nchi za Kiarabu, lilipunguza wafanyakazi wapatao 2,000. Hatusemi hapa kuwa kususia ni kosa. Kila mwenye dhamira ana haki ya kuchagua anakopeleka fedha yake. Tunaonesha tu kwamba aliyekodi jina hubeba dhambi za jina, hata kama hakuzitenda.

Na mkulima naye yumo. Mwezi Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilivyokuwa vinaagizwa kutoka nje vilichelewa kufika. Wakenya wakauliza: nchi inayolima viazi kiasi hiki inakosaje chipsi? Wakajibiwa kuwa anayeuza bidhaa kwenye migahawa hiyo ni lazima awe amepitishwa kwa vigezo vya kampuni ya kimataifa. Sisi tunaoshuka na ndizi na mboga hadi soko la Kwa Sadala tulipaswa kulitafakari jambo hilo. Kijana wetu akikodi jina la namna hiyo, pengine atakatazwa na mkataba kununua kwa mama yake mwenyewe.

Tena jina lenyewe si la kudumu. Mtandao mmoja wa simu hapa nchini uliitwa Celtel, mwaka 2008 ukawa Zain, mwaka 2010 ukawa Airtel. Tigo nayo mwaka 2024 ikawa Yas. Wakala aliyelizoesha jina moja kwa wateja wake huamka siku moja akalikuta jingine. Na wakati mwingine pigo hutoka nje ya kampuni na wakala wote wawili. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilizua malalamiko makubwa hadi serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo, na baadaye ikaendelea kuilegeza. Wakala anayelipwa kwa wingi wa miamala huumia wateja wanapopungua, ingawa hakushirikishwa katika uamuzi wowote.

Pamoja na haya, si haki kuisema kampuni peke yake. Mpangaji naye ana dhambi zake. Wapo wanaonunua bidhaa hafifu kwa magendo na kuziuza chini ya jina zuri. Wapo wanaoficha mauzo ili ada ipungue. Wapo ambao mkataba umekwisha lakini bango limebaki. Aya ya kwanza ya Suratul Maida imewaamrisha walioamini kutimiza mikataba, wala haikubagua mkataba na tajiri au na maskini. Imepokewa pia na Abu Daud katika hadithi ya kudsi kuwa Allah (S.W.) yuko pamoja na washirika wawili maadamu mmoja wao hajamfanyia mwenzake hiyana, na hiyana ikiingia, baraka hiyo huondoka. Anayelia kudhulumiwa na aanze kwa kukagua daftari lake.

Turudi sasa kwenye faili la kijana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu kuandikiana madeni. Ndani yake mna jambo ambalo wengi wetu hulipita. Allah (S.W.) ameagiza kuwa mwenye kuimla hati awe yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa. Na kama ni mpumbavu au mnyonge au hawezi kuimla mwenyewe, basi msimamizi wake aimle kwa uadilifu, na washuhudie mashahidi. Tazama hekima hiyo. Mzigo ukiwa juu yako, hati isomeke kwa maneno yako, ili usije ukajikuta umebeba usichokijua. Mikataba ya leo imegeuza mpangilio huo. Mwenye nguvu ndiye anayeimla, kwa lugha yake, kupitia mawakili wake, na mnyonge huoneshwa tu mahali pa kutia saini.

Basi msimamizi wa mnyonge ni nani leo? Hapa ndipo yalipo maoni yetu. Tunaona kwamba misikiti yetu, kwa kushirikiana na ofisi za BAKWATA za kata na wilaya, inaweza kuwa na kamati ndogo ya kusoma mikataba. Wapo wanasheria Waislamu Moshi, wapo wahasibu, wapo walimu wanaojua Kiingereza. Tunachangishana kwa ajili ya harusi na maziko. Hatushindwi kuchangia saa mbili za mwanasheria ili kihamba kisipotee. Kamati hiyo iulize maswali machache tu. Ada ni kiasi gani, na nani anaweza kuibadili? Eneo lake limelindwa kwa umbali gani? Bidhaa lazima zinunuliwe wapi? Jina likibadilika nani analipia bango na rangi? Mkataba ukivunjwa kabla ya muda, vifaa vinabaki kwa nani? Mgogoro ukitokea utaamuliwa Moshi, Dar es Salaam au nchi ya mbali ambako nauli tu inazidi deni? Na je, masharti ya jina yanamlazimisha kuuza kilevi au kilichoharamishwa? Jibu la swali hili la mwisho likiwa ndiyo, maswali mengine yote hayana haja.

Kwa serikali nako tuna neno. Tunayo Sheria ya Mikataba, na tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Lakini biashara ya jina la kukodi inahitaji sheria yake yenyewe. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008, inampa mpangaji wa jina siku 10 za kazi za kughairi baada ya kutia saini bila faini. Malaysia ina sheria mahsusi ya biashara hii tangu mwaka 1998, nayo inatoa muda usiopungua siku 7 za kazi. Kwa Muislamu jambo hili si geni. Katika zama za Mtume (S.A.W.) alikuwapo mtu aliyekuwa akipunjwa katika biashara, naye Mtume akamwelekeza asharitishe kuwa pasiwe na hadaa, na imepokewa kuwa alipewa siku tatu za kuamua. Mafakihi wakajenga hapo mlango wa khiyari. Wabunge wetu wakiomba siku kumi kwa ajili ya vijana, watakuwa wanaomba kitu ambacho fiqhi imekijua karne nyingi.

Kwa vijana tunasema: kodi jina ukiweza, ila kwa mtaji unaoweza kuupoteza. Tafuta mshirika wa halali kabla ya mkopo wa riba. Tangu mwaka 2011 nchi yetu ina Amana Bank inayofuata misingi ya Kiislamu. Usiweke kihamba rehani bila kikao cha ukoo, na kumbuka kuwa hata Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Na unapolitumikia jina la mwingine, jifunze ili siku moja uwe na la kwako. Bonite Bottlers ya Moshi hujaza soda za Coca-Cola, jina la watu wa mbali, na wakati huo huo huuza maji yanayoitwa Kilimanjaro, jina la mlima wetu. Wazee wetu nao, walipoona wafanyabiashara wanawapangia bei ya kahawa, waliungana mwaka 1925 katika chama chao cha wakulima, na kutoka hapo ikazaliwa KNCU.

Ama kijana yule, tulimwambia kuwa dini inamsaidia kwa mambo mawili. Kwanza, asione haya kuiambia kampuni kwamba faini juu ya faini haiwezi kulipwa na Muislamu kwa ridhaa, na deni la asili atalilipa lote. Pili, atafute sulhu kabla ya mahakama, kwani Suratun Nisaa, aya ya 128, imeisifu sulhu kuwa ni kheri. Tukamwandikia barua kwa Kiswahili, akaimla yeye mwenyewe neno kwa neno, na baba yake akaweka saini kama shahidi. Hapo ndipo mzee alipozungumza kwa mara ya kwanza. Aliomba asomewe barua ile tena, polepole.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe riziki ya halali, atukinge na dhulma ya kudhulumu na ya kudhulumiwa, na atuhifadhie makazi ya wazee wetu. Wabillahi tawfiq.